Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Kuchekesha: Familia ya Ujiji Yaenda Likizo Bujumbura

Riwaya ya kuchekesha kuhusu safari iliyoharibika hufa mapema pale mwandishi anapokusanya mikosi tu. Gari linaharibika, mvua inanyesha, begi linaibwa, mtoto anaumwa tumbo. Msomaji anasikitika kidogo, kisha anaweka kitabu chini. Mkosi unaodondoka kutoka juu hauchekeshi, kwa kuwa haumhusu mtu yeyote. Kinachochekesha ni mama aliyefanya jambo kwa mapenzi, akalifanya vizuri, na jambo hilohilo likawafikisha wote pabaya huku msomaji akiliona linakuja tangu kurasa tatu nyuma.

Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta nia njema na kuigonganisha na kanuni ya kweli ya dunia. Nitaonyesha namna ya kufanya hivyo kwa kujenga riwaya moja ya mfano, tangu wazo hadi mswada: watu sita wa nyumba moja ya Ujiji wanakwenda Bujumbura kupumzika. Ukitaka, hamishia familia Kasulu au Kibondo. Hatua ni zilezile.

Hatua ya kwanza: chagua njia unayoweza kuichora

Kwa mtu wa Kigoma, nje ya nchi si mbali. Ziwa Tanganyika limegawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Familia yako inaweza kuvuka maji hadi Kalemie, Kongo. Inaweza kushuka kusini hadi Mpulungu, Zambia, njia ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924. Au inaweza kupita barabara ya Manyovu na kuingia Burundi.

Meli inavutia sana, na najua waandishi wengi wa kwetu wangeikimbilia. Lakini abiria wa meli hana maamuzi mengi: akishapanda, amepanda. Hawezi kushuka ovyo, hawezi kukosea njia, hawezi kubishania gari. Kwa riwaya ya kwanza chagua barabara, maana kila kituo ni uamuzi, na kila uamuzi unaweza kwenda kombo. Kigoma, Mwandiga, halafu milima hadi Manyovu, kama kilomita 60. Ng'ambo ya mpaka ni Mugina, kisha Mabanda, halafu unateremka hadi Nyanza-Lac, unafuata ufukwe wa ziwa kupita Rumonge, mpaka Bujumbura. Chora ramani hii kwa mkono wako mwenyewe. Weka alama kila mahali ziwa linapoonekana, na uandike liko upande gani wa gari. Alama hizo zitakufaa baadaye kuliko unavyodhani.

Kabla hata hawajaondoka, tayari una sura mbili mkononi. Watu wa Kigoma huvuka mpaka kwa biashara, kwa msiba, kwa harusi, kwa matibabu. Familia inayosema "tunakwenda kupumzika tu" haitaaminiwa na jirani hata mmoja. Watafikiri kuna mgonjwa anayefichwa, au biashara inayofichwa. Na kwa kuwa hakuna anayeamini, kila mtu ataagiza: mmoja anataka vitenge, mwingine anatuma mfuko kwa binamu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, wa tatu anatuma barua ya deni. Hadi alfajiri ya safari, watu waliotaka kwenda mikono mitupu wamebeba mizigo ya mtaa mzima. Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Jirani kukuagiza ni heshima, na kukataa agizo ni ufidhuli. Hivyo ndivyo mkosi unavyotakiwa kuzaliwa.

Hatua ya pili: kila mtu na anachokitaka

Usianze na sura za watu, nani mnene na nani ana meno yaliyotoka nje. Kumcheka mtu kwa mwili wake ni kicheko cha ukurasa mmoja. Anza na matakwa. Kwa kila mhusika andika mambo matatu: anataka nini katika safari hii, anaficha nini, na amebeba nini. Hilo la tatu ndilo litakalofanya kazi kubwa, maana mzigo hauwezi kujificha kwenye gari dogo.

Baba ni mwalimu mstaafu wa historia. Anataka watoto waione nchi nyingine kabla hajazeeka. Amevaa saa ya mkononi aliyozawadiwa siku ya kustaafu, na hairekebishi kwa ajili ya mtu.

Mama Zawadi anauza dagaa mwalo wa Kibirizi. Mitumbwi ya dagaa huvua kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Hizo ndizo siku pekee ambazo Mama anaweza kuondoka bila kupoteza wateja. Angalia jambo hilo kwa makini: tarehe ya safari haikuwekwa na mwandishi, imewekwa na mwezi angani, na hakuna awezaye kuisogeza mbele. Ukipata kizuizi cha namna hii katika maisha halisi ya mahali unapopaandika, kishike. Kina thamani kuliko vichekesho kumi vya kubuni.

Bibi, mama yake Baba, anataka asiwe mzigo kwa mtu. Kwa hiyo amebeba chakula chake mwenyewe, kiroba cha dagaa na dumu la mawese, kupeleka Burundi, ambako dagaa wanatoka ziwa hilohilo na Rumonge inajulikana kwa mawese yake.

Mjomba Hamisi, mdogo wake Mama, aliwahi kufika Bujumbura zamani, na anataka shemeji yake amheshimu. Anaficha kwamba alikaa huko siku mbili tu. Neema, binti mkubwa, anasubiri kupigiwa simu ya usaili wa kazi na hajamwambia mtu, kwa hiyo anatafuta mtandao kila kona na kila kilima. Zawadi ana miaka tisa, na anasema anachokiona.

Sita wanatosha. Ukiongeza wa saba, msomaji ataanza kusahau nani amekaa wapi.

Hatua ya tatu: kanuni tatu za mpakani

Sasa tafuta kanuni za kweli ambazo nia njema zitagongana nazo. Ziwe za kweli kabisa, zinazoweza kuthibitishwa, kwa sababu msomaji wa Kigoma amevuka mpaka huo na atakukamata ukibuni. Burundi inatoa tatu ambazo zinatosha kubeba kitabu kizima.

Ya kwanza ni chanjo. Burundi hudai cheti cha homa ya manjano, na cheti hicho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Mjomba alijua chanjo inahitajika, lakini alitumia fedha zake za kwanza kumnunulia Bibi kiti cha kukunja ili asichoke njiani. Amechanjwa siku sita kabla ya safari. Ofisa wa afya mpakani hapigi kelele, hadai chochote, anahesabu tu kwa kidole kwenye kalenda. Bado siku nne. Mama anasema wamwache. Bibi anasema, "Tumetoka sita, tutafika sita." Na kwa kuwa amesema Bibi, familia inakaa nyumba ya wageni Manyovu siku nne, inakula likizo yake ndani ya Tanzania huku mlima wa Burundi ukionekana dirishani. Sura hiyo usiiharakishe. Hapo ndipo watu sita katika vyumba viwili watakapoanza kujuana.

Ya pili ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu hujibadilisha yenyewe ikidaka mnara wa ng'ambo, saa ya Baba haibadiliki. Ukiwa na saa mbili katika familia moja, una ugomvi wa kudumu ambao pande zote ziko sahihi, na huo ndio ugomvi bora kwa mwandishi wa vichekesho. Lakini piga hesabu zako kwenye karatasi, maana hapa ni rahisi kuteleza. Tuseme gari la kurudi Kigoma linaondoka Manyovu saa 9:00 alasiri, saa za Tanzania. Kwa saa za Burundi hiyo ni saa 8:00. Familia iko upande wa Burundi, simu ya Neema inasema saa 8:30, wanakaa kunywa chai kwa raha kwa kuwa imebaki nusu saa. Gari limeshaondoka nusu saa iliyopita. Na Baba, ambaye saa yake inasema saa 9:30, amenyamaza, kwa sababu siku mbili nzima alifika kila mahali mapema akachekwa, na jana yake aliapa mbele ya wote kwamba sasa atafuata simu. Umeona? Kiapo hicho alikitoa kwa unyenyekevu, na ndicho kilichowaponza.

Ya tatu ni upande wa barabara. Tanzania tunaendesha kushoto, Burundi wanaendesha kulia. Waandishi wengi wangeishia kwenye dereva anayekosea njia na kuponea chupuchupu, lakini familia yetu inapanda magari ya abiria, haiendeshi. Jiulize basi: kanuni hii inamgusa vipi mtu anayesubiri gari? Inamgusa hivi. Wametoka Nyanza-Lac, ziwa liko kushoto kwao, wanaelekea kaskazini. Wanashuka Rumonge kula. Wakimaliza wanasimama upande waliouzoea.

"Mjomba Hamisi aliwapanga upande wa kushoto wa barabara, mizigo mbele, Bibi kwenye kiti chake cha kukunja. Gari halikukawia. Hakuuliza linakwenda wapi, maana mtu anayeijua Bujumbura haulizi.

'Baba,' alisema Zawadi baada ya muda, 'asubuhi ziwa lilikuwa kushoto. Sasa liko kulia.'

'Ziwa halihami, mwanangu. Lipo palepale tangu enzi za Livingstone.'

'Mjomba, ziwa liko kulia.'

'Barabara inapinda hapa. Ikimaliza kupinda, litarudi.'

Bibi alifumbua macho, akatazama nje kwa muda mrefu. 'Nyumba ile ya bati jekundu tuliipita asubuhi,' alisema. 'Au wanazo mbili?'

'Huku nyumba zinafanana, Mama,' alisema Mjomba.

Zawadi akanyamaza. Walipofika kwenye bango, akalisoma kwa sauti, mara ya pili siku hiyo: 'Nyanza-Lac.'"

Tazama jinsi kipande hiki kinavyofanya kazi. Hakuna sentensi inayomwambia msomaji acheke. Jibu la Baba ni jibu zuri la mwalimu, la kweli kabisa, na halisaidii kitu. Jibu la Mjomba linalinda heshima yake mbele ya shemeji. Bibi amekaribia ukweli, lakini hataki kuwa mzigo, kwa hiyo ameuliza badala ya kusema. Msomaji amejua tangu Zawadi alipofungua mdomo mara ya kwanza, na raha yake yote iko katika kusubiri wakubwa wafike alikofika mtoto. Ukiandika kipande cha namna hii, kikate hapo ukweli unapojitokeza. Usiongeze aya ya Mjomba akishika kichwa.

Hatua ya nne: sura ya katikati, jiwe la Mugere

Kila riwaya ya safari inahitaji mahali ambapo familia ilikuwa na ndoto ya kufika, na ikafika kweli. Kwa Baba ni jiwe la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura. Ni jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaoamini kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana. Sasa fikiria mtu wa Ujiji, aliyefundisha historia maisha yake yote umbali wa hatua chache kutoka kwenye mnara na miembe ya Ujiji, akisimama mbele ya jiwe hilo na kusikia mwenyeji akiwaambia wageni kwamba walikutana hapa.

Baba yuko sahihi. Walikutana Ujiji, mapema zaidi katika mwaka huohuo wa 1871, kisha wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini ya ziwa kuchunguza mto Rusizi, wakakuta unaingia ziwani badala ya kutoka. Huko Mugere walilala tu. Lakini kuwa sahihi hakumwokoi mtu katika riwaya ya kuchekesha, kunamzamisha. Tamaa ya kwanza ya mwandishi itakuwa kumfanya mwenyeji wa pale mjinga. Usifanye hivyo. Mfanye naye awe mwalimu mstaafu, mwenye fahari na jiwe lake, mwenye hoja nzuri: "Mzee wangu, ninyi Ujiji mna mwembe uliopandwa upya. Sisi jiwe ni lilelile." Acha wazee hao wawili washikane hoja hadi jua lizame, waanze kusahihishana tarehe, waombe kalamu kwa Neema, wakae chini. Familia imekuja kuona ziwa la Bujumbura, na inatumia alasiri yake ya mwisho kusubiri mtihani wa historia uishe. Watoto wana njaa. Mama amekasirika kwa haki. Na wazee wawili wana furaha ambayo hawajaipata tangu wastaafu.

Sura hii ipe kurasa nyingi kuliko nyingine yoyote. Kicheko na upendo vikipata nafasi ya kukaa pamoja, msomaji atakusamehe sura tatu dhaifu.

Hatua ya tano: asiyechekwa

Hili nalisema kwa uzito. Mpaka ambao familia yetu inauvuka kwa likizo, wengine waliuvuka wakikimbia. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, kwenye ufukwe mwembamba chini ya mlima, na Liemba ndiyo iliyotumika kuwaleta Kigoma. Watu hao na watoto wao watasoma kitabu chako. Kwa hiyo anayekosea katika riwaya hii awe msafiri wetu daima, asiwe mwenyeji. Mwenyeji anaweza kushangaa, kuchoka, hata kukasirika, lakini asiwe kikaragosi. Wala usiufute ukweli huo kwa kuogopa kuharibu kicheko. Katika gari, mama mmoja aliyekaa jirani na Bibi anaweza kusema, bila maelezo, kwamba barabara hii mara ya kwanza aliipita kwa miguu. Bibi anampa mkono. Sura inaendelea. Mistari mitatu inatosha.

Achana pia na ofisa anayeomba rushwa. Kichekesho hicho kimechoka, na ofisa mwema anayefuata sheria humtesa msafiri vizuri zaidi.

Hatua ya sita: midomo yao

Katika mazungumzo, kila mtu aitwe anavyoitwa nyumbani. Baba na Mjomba waitane "shemeji" hata wakigombana, hasa wakigombana. Mama amwite mumewe "Baba Zawadi". Baba amwite mkewe "Mama Zawadi", na siku akimwita kwa jina lake halisi, msomaji ajue mambo yameharibika.

Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, na Kirundi ni ndugu wa karibu. Kwa hiyo katika Burundi hii, mwenye Kiingereza cha chuo hana msaada mkubwa, Mjomba mwenye maneno mawili ya Kifaransa ana madhara, na Bibi, ambaye nyumbani huambiwa aseme Kiswahili mbele ya wageni, ndiye anayezungumza na kila mtu. Mpe nguvu hiyo polepole. Kwanza anacheka peke yake kwa jambo lililosemwa na kondakta. Baadaye anapata bei nzuri ya mananasi. Kufikia sura ya 15 hakuna anayesogea bila yeye. Maneno ya Kiha na Kirundi yaweke machache, yanayojieleza kwa muktadha, na umpe mzungumzaji wa kila lugha ayasome kabla hujachapa. Ndani ya Bujumbura, mtaa wa Buyenzi unazungumza Kiswahili tangu zamani, kwa hiyo hapo unaweza kuwapumzisha wote, na kufikisha ule mfuko wa binamu.

Hatua ya saba: kuandika

Panga sura 25 za maneno kama 2,000. Kila sura ianze na mpango na iishe na mpango mpya, uliobuniwa na mtu mwingine wa familia. Andika hadi mwisho kabla hujarudi kusahihisha sura ya kwanza.

Hatua ya nane: soma kwa sauti, halafu kata

Kicheko hakipimwi kwa macho. Chukua sura tatu ukasome mbele ya watu: barazani, saluni, mwaloni asubuhi wakati dagaa wanaanikwa. Shika penseli. Weka alama walipocheka, na alama nyingine walipotazama simu. Usiwaulize kama wamependa, maana watakuambia wamependa kwa adabu. Waulize kitakachotokea katika sura inayofuata. Wakiweza kukisia kwa karibu na bado wanataka kusikia, umepata. Wakikisia sawasawa na hawana hamu, umewapa dalili nyingi mno. Wasipokisia kabisa, mkosi wako umedondoka kutoka juu, na unatakiwa kurudi nyuma kutafuta nia njema iliyouzaa.

Mmoja wa wasikilizaji lazima awe amevuka Manyovu mwenyewe. Mpe ramani yako, mpe hesabu zako za saa, mwache akubishie.

Kisha kata. Utani unaosemwa na msimulizi ndio wa kwanza kuondoka. Sifa kama "cha kuchekesha" na "kwa mshangao mkubwa" zifuate. Pale mhusika anapoeleza kwa nini amekosea, futa maelezo, bakiza kosa. Mwisho wa kitabu usiwe kikao cha familia cha kusameheana. Uwe tendo: wamerudi Ujiji, jirani anauliza vitenge vyake, na Mama anafungua begi.

Mswada ukishakamilika, namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kazi inaweza kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ili kuilinda. Upo pia ushindani wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambao riwaya ni mojawapo ya nyanja zake. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma, hasa idadi ya maneno na namna ya kuficha jina la mwandishi kwenye mswada, na utunze nakala moja iliyochapwa kwenye karatasi.